Matanga ya Mashua: Habari za Mashindano ya Vyombo vya Tanga, Pwani na Hapa Nairobi

Katika kitabu hiki cha taarifa ya mwaka neno "matanga" huonekana mara nyingi, nalo huonekana zaidi katika kurasa za hesabu: matanga ya fulani, rambirambi kadha, nauli ya kusafirisha maiti kadha. Safari hii Kamati imeniruhusu niandike habari za matanga ya namna nyingine, yaani yale yafungwayo juu ya foromali yakajazwa upepo. Kiswahili kimeyapa mambo haya mawili jina moja, na katika nyumba za watu wa visiwani jina hilo limekaa vema, maana kila tanga linalokumbukwa huko lina marehemu wake.

Sababu ya kuandika ni hii. Tulimzika mwanachama mwenzetu, mzaliwa wa visiwa vya Lamu, aliyekaa Njiru zaidi ya miaka thelathini. Ukutani mwake palikuwa na picha ya mashua iliyolala ubavu mmoja, na watu sita wameketi juu ya ubao uliotokeza nje, juu ya maji. Wajukuu wake, ambao wote wamezaliwa huku, waliulizwa ni kina nani hao. Hawakumjua hata mmoja, wala hawakufahamu kwa nini watu wazima waketi nje ya chombo hali ndani mna nafasi. Wazee waliokuwapo walijibu kila mmoja lake. Basi nikaona yafaa jambo hili liandikwe, maana chama chetu kina watu wa pwani, watu wa ziwa, Wakamba, Wakikuyu na wengineo, na watoto wetu sote wanalelewa mahali ambapo maji makubwa waliyoyaona ni yale ya machimbo ya mawe wakati wa masika.

Vyombo vya pwani ni vya kale kuliko vitabu vyake. Mwandishi mmoja wa Kiyunani alieleza pwani hii katika karne ya kwanza baada ya Kristo, akautaja mji wa Rhapta na vyombo vyake vilivyoshonwa kwa kamba. Ushonaji huo ulidumu. Mtepe wa Lamu na Pate uliunganishwa mbao zake kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Mitepe ya mwisho iliisha katika miaka ya 1930, ikaachia nafasi majahazi, madau na mashua za misumari zenye tanga la nguo. Jahazi kubwa lilichukua boriti za mikoko kutoka Lamu hadi Arabuni na Ghuba, likarudi na tende, chumvi na mazulia. Biashara hiyo ya boriti kwenda ng'ambo ilikatazwa na Serikali ya Kenya mwaka 1982, na hapo majahazi mengi yakakosa kazi. Ngalawa ni kitu kingine: ni gogo moja, mara nyingi la mwembe, lililochongwa kwa tezo likatiwa mirengu miwili na matengo mawili ili lisipinduke. Ndiyo chombo cha mvuvi asiye na mali nyingi, kutoka kwetu hadi Unguja, Pemba, Mafia na Kilwa.

Ama mashindano, hayo hayakuletwa na mtu. Mahali palipo na vyombo viwili vinavyorudi bandarini kwa upepo mmoja na samaki walio karibu kuoza, mashindano yamekwisha kuanza. Anayefika kwanza ndiye anayeuza kwa bei njema. Kutoka hapo hadi kushindana kwa heshima ya mtaa ni hatua fupi tu.

Nitaeleza zaidi mashindano ya Lamu, kwa kuwa ndiyo yanayojulikana sana na ndiyo yaliyomo katika picha niliyoitaja. Kabla ya siku yenyewe mashua hupandishwa pwani wakati wa bamvua, hata maji yakipwa hubaki imekaa juu ya mchanga. Hukwanguliwa chini, kisha huchomwa kwa mienge ya makuti ili wadudu wanaotoboa mbao wafe. Nyufa hukalafatiwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, na sehemu inayokaa majini hupakwa deheni, yaani chokaa iliyokandwa kwa mafuta ya mnyama, mpaka iteleze. Kazi hii si ya nahodha peke yake. Watoto huchukua makuti, vijana huchoma, wazee husimama kando wakitoa makosa, na wanawake hupika chakula cha watu wote hao. Kwa maoni yangu hapa ndipo familia inapojijengea kumbukumbu, kabla hata tanga halijapandishwa. Aliyeshika mwenge akiwa na umri wa miaka saba husema maisha yake yote, "mashua yetu", hata kama chombo kilikuwa mali ya mjomba wa mama yake.

Sasa kuhusu ubao. Tanga la mashua ya mashindano huwa kubwa kuliko kiasi cha chombo, na upepo ukilijaza chombo hulala kwa nguvu upande wa demani. Jahazi lenye shehena hutiwa farumi ya mawe au mchanga chini ili lisimame. Mashua ya mashindano haitaki uzito huo usioondoka. Basi ubao hutokezwa nje upande wa joshi, utokako upepo, na mabaharia hutambaa juu yake mpaka mwisho, wakawa wao wenyewe ndio farumi. Upepo ukilegea huingia ndani upesi, ukikaza hutoka tena. Mtu mnene, ambaye siku nyingine hutaniwa barazani, siku hiyo hutafutwa na manahodha watatu.

Kugeuka ndiko kugumu zaidi. Tanga la pembe tatu laning'inia kwenye foromali ndefu kuliko chombo chenyewe. Vimashua vidogo vya Kizungu hugeuka upesi, tanga likapita juu ya vichwa vya watu, mambo yakaisha. Mashua ya kwetu ikibisha, foromali haina budi kusimamishwa wima na kuzungushwa mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili, huku mtu wa demani akikimbia na kamba yake, na nahodha akichunga tanga lisije likashikwa na upepo kinyume likauvunja mlingoti. Hapo ndipo mashindano hushindwa. Watu wa Lamu wakisimuliana habari za nahodha hodari, hawasemi alikwenda mbio. Husema aligeuka vizuri.

Mashindano makubwa hufungamana na sherehe za Maulidi, katika Mfunguo Sita, yaliyokuzwa huko Lamu na Sharifu Swaleh, aitwaye Habib Swaleh, ambaye Msikiti wa Riyadha ulijengwa kwa juhudi zake mwanzoni mwa karne ya 20. Baada ya dini huja michezo: mashua, kuogelea, mbio za punda, bao. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 kuna pia tamasha la utamaduni la Lamu, katika zama zile zile mji wa kale ulipoingizwa mwaka 2001 katika orodha ya urithi wa dunia. Na huko pia mashua hushindana, wageni wakitazama kutoka gatini.

Hapa pana jambo ambalo nalihesabu kuwa la maana kuliko yote niliyoyapata. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kwa sababu hiyo Maulidi husogea: miaka kadha huangukia kaskazi, upepo ulio mkunjufu kuanzia Desemba hadi Machi, miaka mingine huangukia kusi, upepo wenye nguvu na bahari kali, na miaka mingine huangukia maleleji, wakati upepo usipokuwa na msimamo na mshindi hupatikana kwa bahati na kwa subira. Hurudi mahali pake pa kwanza baada ya miaka 33 hivi. Mtoto aliyemwona baba yake akishinda Maulidi kwa kusi atakuwa na watoto wake mwenyewe ndipo aone Maulidi katika kusi ya majuma yale yale. Mabaharia wana hesabu nyingine pia, ya jua, ianzayo Nairuzi, ambayo hugawa mwaka katika miongo 36 ya siku kumi kumi na siku tano za ziada, na kwa hiyo wanajua barabara upepo gani watazamie. Mzee wa Lamu akikuambia, "Ilikuwa Maulidi ya mwongo wa mia na kumi," amekupa mwezi, upepo na kizazi kwa maneno machache. Sisi makarani twahitaji jedwali zima.

Nimegundua tena kwamba katika familia hizi kushindwa hukumbukwa kuliko kushinda. Ushindi ni wa mtaa wote, kila mtu hujifanya alikuwapo; lakini mlingoti uliovunjika ni wa nyumba moja. Mama mmoja wa huku kwetu, ambaye ukoo wake watoka upande wa Matondoni, kijiji cha waundaji mashua, aweza kutaja kamba iliyokatika, mkono wa nani ulioishika, na maneno aliyoyasema nahodha, ambayo sitayaandika katika kitabu cha chama. Hakuwahi kuiona siku hiyo. Alizaliwa miaka mingi baadaye.

Wenzetu wa ziwa wasidhani nimewasahau. Tanga la pembe tatu lilifika ziwa Viktoria kutoka pwani, kwa mkono wa wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili, katika karne ya 19. Mwaka 1877 mmoja wao, Songoro, alikuwa na chombo alichokuwa akikiunda Ukerewe, nacho kikachukuliwa kwa kununuliwa na wamisionari wa Church Missionary Society. Na mwezi wa Desemba mwaka huo huo Luteni Shergold Smith na mwenziwe O'Neill waliuawa huko pamoja na Songoro mwenyewe. Shuleni tulikariri majina ya Wazungu wawili hao. Jina la mtu aliyeunda chombo nililipata nikiwa mtu mzima. Baada ya hapo Wajaluo na watu wa visiwa vya Rusinga na Mfangano walilifanya tanga kuwa lao, wakazipaka mashua zao rangi na kuziandika majina, na hata leo, ingawa mashine za petroli ni nyingi, matanga yaonekana asubuhi yakirudi kutoka kuvua omena kwa taa.

Nakuja sasa kwetu Nairobi, na wengi watashangaa kwamba kuna la kusema. Mwaka 1953 bwawa lilijengwa kati ya Kibera na barabara ya Lang'ata, juu ya Mto Motoine, ili liwe akiba ya maji ya kunywa mji ukipatwa na ukame. Eneo lake lilikuwa ekari 88 hivi, na kina chake kwa wastani hakikufika mita 3. Maji ya namna hiyo, mapana, yasiyo na kina kikubwa, yenye upepo wa uwanda, ni mazuri mno kwa vimashua vidogo vya tanga. Wapenzi wa michezo hiyo hawakukawia kuliona jambo hilo. Nairobi Sailing Club ikawa na makao yake ukingoni, na siku za mapumziko matanga meupe yakawa yakionekana kutoka barabarani.

Yapasa tukumbuke mwaka wenyewe. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Bwawa lilipokuwa jipya, mitaa ya Waafrika upande wa mashariki, kama Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati na Makongeni, ilikuwa chini ya pasi na amri ya kutotoka usiku. Siku ya Jumamosi, tarehe 24 Aprili 1954, askari waliuzunguka mji katika Operesheni Anvil, na watu zaidi ya 20,000 wakapelekwa vizuizini. Hivyo kutoka miaka ile ile na mji ule ule familia zimerithi kumbukumbu za namna mbili. Ziko nyumba, nyingi zao sasa zikiwa Uingereza, zenye picha za mtoto mwenye kofia kubwa akishika usukani bwawani na mama yake akicheka. Na ziko nyumba huku Eastlands zisizo na picha yoyote ya mwaka 1954, ila jina la baba aliyepandishwa lori na namba ya kambi. Siandiki haya ili kuwalaumu watoto wenye kofia; hawakuchagua. Naandika kwa kuwa nimesoma sifa nyingi za bwawa lile katika enzi yake njema, na wanaolisifu huanza habari kana kwamba mji haukuwa na watu wengine.

Mzee mmoja wa chama chetu aliwahi kufanya kazi ya bustani upande wa Lang'ata, na Jumapili alipopata nafasi alikwenda kuketi ukingoni mwa bwawa. Anasema alipenda kutazama mashua zikigeuka kwenye boya, na kwamba yeye na wenzake walikuwa wakibashiri ipi itatangulia, kwa senti kumi. Katika miaka ya baada ya Uhuru watoto wa Kibera walivua samaki kando kando. Hizo nazo ni kumbukumbu za mashindano ya mashua, ingawa aliyenazo hakupanda chombo hata siku moja.

Bwawa halikuuawa kwa siku moja. Kibera, ambako askari wa Kinubi walianza kukaa mwanzoni mwa karne ya 20, ilijaa watu kwa maelfu kila mwaka, na watu hao hawakupewa mifereji ya maji machafu wala mahali pa kutupa taka. Kila mvua ilisukuma uchafu na udongo bwawani. Kina kikapungua, magugu maji yakaingia, na kufikia mwisho wa miaka ya 1990 yalikuwa yameufunika uso wa maji hata tanga halikuwa na pa kupita. Wako wanaosema wakazi wa Kibera ndio walioliua bwawa. Mimi sikubaliani nao. Mpangaji wa chumba kimoja hana uwezo wa kuchimba mfereji wa mji. Waliokuwa na uwezo huo, kabla ya Uhuru na baada yake, wanajulikana kwa vyeo vyao.

Jambo hili latuhusu sisi wa Njiru kuliko wengi wanavyofikiri. Maji yanayotoka katika bwawa lile huitwa Mto Ngong. Hupita kando ya Industrial Area, Mukuru na Embakasi, yakiongezewa kila namna ya uchafu njiani, kisha huungana na Mto Nairobi huku kwetu mashariki, yakaenda Athi na mwisho baharini. Njiru iliingizwa katika mipaka ya mji mwaka 1963, wakati mipaka ilipopanuliwa sana; tangu hapo tumekuwa mkiani mwa mito ya Nairobi. Sukuma wiki na nduma zinazolimwa kando ya mto hunyweshwa maji hayo hayo. Mwaka 1999 ulianzishwa mpango wa bonde la Mto Nairobi chini ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Mwaka 2008 marehemu John Michuki, akiwa Waziri wa Mazingira, aliusukuma usafishaji kwa ukali aliojulikana nao. Na mwaka 2022 Serikali iliunda tume ya mito ya Nairobi. Kila safari maji yalianza kung'aa sehemu za juu. Wanachama wanaokaa karibu na mto wanajua yalivyofika huku.

Nikiulizwa mashua na mto mchafu vinahusianaje na chama cha kusaidiana, nitajibu kwa yale yaliyotokea katika nyumba ya marehemu niliyemtaja. Chama kililipa jeneza, kililipa gari, kililisha waombolezaji. Hesabu zake zimo ukurasani mwake, na zimekaguliwa. Lakini watu sita wa kwenye ubao hawakuwa na mahali katika hesabu hizo. Baada ya siku arubaini barua iliandikwa Lamu, na jibu likaja kwa simu ya mpwa wake: wanne katika sita wamekufa, wa tano ni nahodha mzee asiyeona vizuri, na wa sita ndiye marehemu wetu, yule aliye mwisho kabisa wa ubao, kwa kuwa alikuwa mwepesi na hakuogopa maji. Mpwa aliongeza kwamba mashua ile haipo. Mbao zake zilitumika kujengea banda.

Kamati imekubali kununua daftari moja kubwa lenye jalada gumu. Litawekwa pamoja na vitabu vya michango, na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, michango ikiisha kupokewa, mwanachama yeyote mwenye habari za chombo cha tanga, cha bahari, cha ziwa au cha bwawa, atasikilizwa na maneno yake kuandikwa kwa lugha yake atakayosemea, pamoja na jina la chombo, jina la nahodha, upepo, na ikiwezekana mwaka. Picha zitarudishwa kwa mwenyewe siku hiyo hiyo. Mpaka kitabu hiki kinapopelekwa kwa mpiga chapa habari tisa zimekwisha kuingizwa: tano za Lamu na visiwa vyake, mbili za ziwa, moja ya ngalawa ya Vanga, na ile ya senti kumi bwawani.